Bibi yangu wa Mahurunga kapanda bodaboda mguu huku mguu kule, na aliyenuna na anune

Salaam wakuu, mliokaa, mliosimama na mnaosubiri gari lijae.

Sitaapa, maana humu ndani kila anayeapa tunagundua baadaye alikuwa anaota. Ila haya yamenitokea mimi mwenyewe likizo iliyopita, na mashahidi ni kijiwe kizima.

Utambulisho mfupi. Ni binti, kidato cha tatu, naishi Rahaleo hapa Mtwara mjini na mama yangu. Mkiniita mkuu sikatai. Walimu watatu tofauti wameshaniita majina mabaya zaidi ya hilo.

Kisa kinaanzia darasani.

Mwalimu wa jiografia alitupa kazi ya likizo: andika jinsi watu wa eneo lako wanavyosafiri kila siku, na kitu gani kimebadilika. Nikajua nusu ya darasa wataandika "usafiri wa nchi kavu, majini na angani" halafu wachore ndege. Mtu hajawahi kupanda hata ngazi ya ghorofa, anachora ndege.

Mimi nikasema nitaandika ninachokiona.

Na ninachokiona ni hiki. Zamani, kwa mujibu wa mama, watu walikuwa wanatembea. Rahaleo mpaka sokoni miguu, sokoni mpaka ferry miguu. Mwenye baiskeli aliamkiwa kwa heshima kama mwenye gari.

Siku hizi mtu anapanda bodaboda kwenda kununua vitumbua mtaa wa pili. Kwenda Mikindani anaita bajaji. Baiskeli imebaki kubeba magunia ya korosho, na mwenyewe anatembea pembeni yake ameishika, kama anamsindikiza mgonjwa.

Hayo kila mtu anayajua. Kuna jingine ambalo kwenye kitabu halimo.

Angalieni wanawake wanavyokaa kwenye bodaboda.

Hapa mjini wengi wanapanda mguu huku mguu kule. Nesi, mwanafunzi, mama wa ofisini, suruali ndani, baibui au dera juu, maisha yanaendelea. Mikindani utakuta wapo wa hivi na wapo wa vile. Ukishika njia ya Ruvuma sasa, Mahurunga mpaka Kilambo kule wanakovukia kwenda Msumbiji, unakuta mwanamke kakaa upande, miguu yote inaning'inia kushoto kama yuko kibarazani. Mkono mmoja kashika kiti, mwingine kashika mtoto, mwingine kashika kapu... hapana, mikono imeisha.

Kadiri lami inavyoisha ndivyo miguu inavyohamia upande mmoja.

Yaani penye lami mtu kakaa imara. Penye makorongo na mchanga kakaa kama anapigwa picha ya harusi. Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari nikajiona profesa. (Mwalimu baadaye aliandika kwa kalamu nyekundu: "Haimo kwenye silabasi." Sawa. Na wewe hukuwemo barabarani.)

Ngojeni kidogo, mama ananiita nianue nguo.

...

Nimerudi. Tuingie Mahurunga.

Bibi yangu mzaa mama anaitwa Somoe. Anaishi peke yake tangu babu afariki, analima mihogo, ana mikorosho yake michache, na ana mdomo. Nadhani mnaanza kuona nilikoutoa wangu. Kama mnavyojua, huku kwetu bibi na mjukuu wa kike ni watani, tunaitana mke mwenza kwa sababu ya marehemu babu. Nikichelewa kuamka ananiambia, "Mke mwenzangu, mume kafa lakini majungu hayajafa, amka uoshe."

Bibi ana mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilishazima. La kushoto, kwa maneno yake mwenyewe, anaona kama anaangalia kupitia chandarua.

Mjini kulikuwa na madaktari wa macho waliokuja kwa muda kufanya upasuaji. Mama akahangaika mpaka jina la bibi likaingia. Siku yake ikawa Alhamisi, saa mbili asubuhi awe ameshafika. Ijumaa madaktari wanaondoka, na hakuna aliyeweza kutuambia watarudi lini.

Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu: kumtoa bibi Mahurunga, kumfikisha mjini.

Mpango ulikuwa Noah ya alfajiri. Jumanne jioni kondakta akapita kwa bibi kumwambia gia boksi imekufa. Magari yanayotoka Kilambo yanafika kwetu yamejaa mpaka mlangoni, na bibi hawezi kusimama barabarani kubahatisha. Ikabaki bodaboda.

Na bibi na bodaboda walishaachana.

Masika yaliyopita alipanda amekaa upande kama wenzake. Pikipiki ikaingia kwenye mchanga mzito, nyuma ikayumba, bibi akashuka bila kuomba kushushwa. Hakuvunjika, ila nyonga ya kushoto mpaka leo akijipinda inauma. Kukaa upande ni kujipinda. Akasema hapandi tena.

Nikamwambia basi panda mguu huku mguu kule, nyonga haitapindika na miguu itakuwa na pa kukanyaga. Akapapasa nyonga yake. Halafu akasema, "Na Mfaume je?"

Mfaume ni babu yangu mdogo, mdogo wake marehemu babu. Si mtu mbaya, nataka hilo nilitangulize. Bibi akiumwa yeye ndiye anayeleta kuni. Paa la bibi alilifunika yeye. Ila ndiye mzee wa kijiwe pale njia panda, na alishakubaliana na madereva kwamba hapa kwetu mwanamke hapandi kama mwanaume. Dereva akivunja, anafungiwa wiki nzima, haruhusiwi kubeba abiria pale kijiweni.

Anasema ni desturi.

Wakuu, bodaboda ya kwanza pale kijijini mimi nilishaanza darasa la kwanza, naikumbuka, tuliifukuza tukiipungia mikono. Hiyo desturi nimeizidi umri. Ingekuwa mtoto ningeituma dukani.

Jumatano asubuhi nikaanza mafunzo.

Nilitoa kwenye sanduku suruali ya kaki ya marehemu babu, bibi akaivaa, nikamfunga kiunoni kamba ya katani, kanga juu. Nikalaza gunia la makopa ya muhogo kwenye benchi, ndiyo pikipiki. Nikamfundisha kupanda: shika bega, inua mguu, kaa. Mara ya kwanza akakwama katikati, mguu mmoja hewani, akacheka mpaka akalala juu ya gunia. Mara ya tatu akakaa vizuri, kanyoosha mgongo, akashika mabega ya dereva ambaye hayupo, akaniambia, "Mke mwenzangu, twende, unasubiri nini?"

Ilikuwa nzuri mno. Nikampiga picha.

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu, na nauandika hadharani kwa sababu ni haki yenu kuujua. Niliituma ile picha kwenye group la ukoo. Nikaandika chini: "Mgombea mpya wa leseni." Dakika tano, vicheko vimejaa. Mama akaniandikia "futa hiyo." Nikafuta. Kumbe binamu yangu alishaipeleka kwa mwingine, na huyo mwingine akampelekea mtoto wa Babu Mfaume, na huyo mtoto akampa baba yake simu.

Saa nane mchana Babu Mfaume akaingia uani. Nilimletea kiti, hakukaa. Nilimletea maji, hakunywa. Hakunitazama kabisa. Aliongea na bibi, taratibu, wala hakupandisha sauti.

"Shemeji," akasema, "jicho lina dawa. Aibu haina."

Bibi alikuwa bado amevaa ile suruali. Akavuta kanga mpaka chini ikafunika vifundo vya miguu, akasema, "Nimesikia, shemeji."

Babu akaondoka.

Bibi akaingia ndani. Alipotoka, suruali ilikuwa imekunjwa mara nne, akanipa niirudishe sandukuni. Akasema haendi. Akasema jicho moja la chandarua linamtosha kwa siku zilizobaki. Halafu akachukua ungo wa ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, akaanza kuimenya kwa kupapasa, na hakuniita mke mwenzangu. Aliniita jina langu.

Hajawahi kuniita jina langu.

Sijui niwaeleze vipi. Mimi ni mtu wa kuchapwa, nimechapwa sana, sina kinyongo. Ila pale nilijiona nimechukua jicho la bibi yangu nikalibadilisha na vicheko vya dakika tano.

Nililia nyuma ya choo. Kisha nikafikiri.

Kumsihi Babu Mfaume, haiwezekani. Kubishana naye ndiyo kabisa, mtoto wa shule kubishana na mzee kijiweni, ningerudishwa Rahaleo na fimbo. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuna mzee wa kwetu anayeweza kukikataa. Mimi ni mjukuu wake. Mimi ni mke wake wa utani. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na anayekasirikia utani ameshindwa, atasimuliwa mpaka kwenye arobaini yake.

Baada ya alasiri nikachukua kanga mbili za bibi, moja kiunoni, moja kichwani kama bi harusi mwenye haraka. Nikabeba kigoda. Nikaenda njia panda.

Madereva walikuwa sita hivi wamekaa juu ya pikipiki zao, Babu yuko bandani anacheza drafti ya vifuniko vya soda. Nikaweka kigoda pembeni yake, nikakaa karibu kabisa.

"Shikamoo mume wangu," nikasema.

Kijiwe kikacheka. Babu akanitazama, nikaona anajua kwamba amenaswa kwenye utani na hana mlango wa kutokea.

"Marahaba, mke wangu. Umeleta chakula?"

"Nimeleta shida ya nyumbani. Mke mwenzangu ana safari kesho alfajiri, na chombo umemkataza. Nimekuja kuuliza, utambeba mgongoni au begani? Nijue mbeleko nimfunge upande gani."

Dereva mmoja anaitwa Shaibu alianguka kutoka kwenye pikipiki iliyosimama. Nilikuwa sijawahi kuona.

Babu naye akacheka kidogo, lazima acheke. Na kwa kuwa ni mzee anayependa kusikilizwa, hakutaka mtoto wa Rahaleo aondoke na ushindi mbele ya watu. Akasema, "Wewe, huyo nimeshambeba kabla mama yako hajazaliwa."

Akatusimulia. Na anajua kusimulia, tusimnyime haki yake. Bibi alishikwa na uchungu wa kumzaa mama yangu, marehemu babu yuko ng'ambo ya Ruvuma kwa ndugu zake. Kijiji kizima kulikuwa na baiskeli moja nzima, nayo ni ya Mfaume, kijana hajaoa hata. Akamweka bibi nyuma kwenye keria, mkeka umekunjwa chini, akanyonga pedali mpaka zahanati, mvua imetoka kunyesha, njia yote inateleza. Madereva waliacha simu zao wakawa wanasikiliza.

Alipofika mwisho kifua kilikuwa kimejaa.

Nikamuuliza, "Alikaaje?"

"Alikaa nyuma. Nimesema kwenye keria."

"Nyuma nimesikia, mume wangu. Alikaaje?"

Babu akasogeza kifuniko. Haikuwa zamu yake.

"Mguu huku mguu kule?" nikauliza.

"Mwanamke mwenye uchungu utamkalisha upande vipi, ntoto wewe? Angeanguka. Kulikuwa na mchanga."

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe sikucheka, na mimi nacheka mpaka msibani.

Shaibu alikuwa anafuta kioo cha pikipiki yake. Hakuinua kichwa.

"Mchanga bado upo, mzee," akasema.

Babu Mfaume akachukua fimbo yake akaondoka. Hakusema ndiyo. Nataka mlielewe hilo wakuu, kuna watu wanasimulia kisa hiki wanasema mzee aliruhusu. Mzee hakuruhusu. Ilikuwa tu kwamba hakuna tena aliyekuwa anangoja ruhusa.

Shaibu akaniambia saa kumi na mbili kasoro yuko mlangoni. Nikamkumbusha atafungiwa wiki. Akasema anajua kuhesabu mpaka saba.

Ikabaki bibi.

Nilimkuta palepale na ungo wake. Nikaanza na picha. Nikamwambia nilikosea, nilitaka kuchekesha watu. Akaendelea kumenya. Baadaye akasema, "Ungeniuliza. Ningekwambia nifunge kilemba kwanza."

Nikajua nimesamehewa nusu. Nikamsimulia ya kijiweni yote, mpaka pa mchanga.

Bibi akaweka kisu chini. Akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu babu afariki, kile cha kupiga paja. "Alisema mchanga? Na hakusema kwamba alikuwa analia kuliko mimi? Mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza njia nzima, Mfaume kanyaga, Mfaume kanyaga."

Akafuta macho yote mawili, linaloona na lisiloona.

"Iko wapi ile suruali?"

Alhamisi tukaondoka kumekucha. Shaibu mbele, bibi katikati, mimi nyuma nimemshika. Ndiyo, mshikaki. Askari wa usalama barabarani kama upo humu, pita uzi mwingine.

Habari zilikuwa zimeshatembea. Pale bombani wanawake walikuwa wengi kuliko ndoo. Mmoja akauliza kwa sauti, "Somoe, unakwenda wapi hivyo?" Bibi akamjibu bila kugeuka, "Hospitali. Ulitaka niende wapi na suruali?"

Babu Mfaume alikuwa amesimama mlangoni kwake. Shaibu akapunguza mwendo, moyo wangu ukapunguza na wenyewe. Bibi ndiye aliyeanza.

"Umeamkaje, shemeji?"

Salamu huwezi kuiacha hewani. "Nimeamka salama," akajibu. Basi. Tukapita.

Palepale alipoanguka masika, tairi la nyuma likayumba tena. Shaibu akashusha miguu yote miwili. Nilihisi bibi anakaza magoti, anakanyaga vile vyuma vya miguu, na pikipiki ikanyooka. Hakuna aliyeanguka. Baada ya kama kilomita nzima bibi akasema, "Kumbe."

Karibu na mjini tulishuka tukachukua bajaji, kwa heshima ya sheria na kwa kuwaogopa waliovaa nyeupe. Bibi akaegemea akasema hiki ni kitanda. Saa mbili kasoro robo tulikuwa kwenye benchi la hospitali, mama anatusubiri na mfuko wa chapati, anamwangalia mama yake kwenye suruali ya baba yake, hajui aanze kulia wapi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ijumaa wakafungua bandeji kabla hawajaondoka. Bibi akafumba, akafumbua, akanitazama muda mrefu.

"Mke mwenzangu," akasema, "kumbe una chunusi kiasi hiki na ulikuwa unanificha."

Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo.

Shaibu alifungiwa wiki kweli, na alikaa wiki yake bila kulalamika. Siku aliyorudi, mama mmoja mjamzito akamfuata yeye, akawapita wengine watano, akapanda mguu huku mguu kule mbele ya kijiwe kizima. Wiki hiyohiyo akaja mwalimu wa shule ya msingi. Sasa hivi nikienda nawaona wa hivi na wa vile, kila mmoja anavyotaka. Wanaopenda upande wakae upande, mimi simfungi mtu miguu. Sheria ya kijiwe haijafutwa. Ipo. Imekosa tu mtu wa kuifuata.

Babu Mfaume bado analeta kuni kwa bibi. Hilo jambo hawalizungumzi. Mimi bado ni mke wake, na bado ananidai chakula.

Nilichojifunza ni mambo mawili. La kwanza linanihusu mimi: utani una mwenyewe wa kutaniwa, ukimtania mtu mbele ya wasiomjua hujamtania, umemuuza. Lile la picha sitalirudia.

La pili linawahusu nyie. Watu wakikwambia hivi ndivyo tulivyokuwa tukisafiri tangu zamani, muulize aliyekuwepo zamani. Usibishane naye. Kaa naye karibu, muulize alikaaje, halafu nyamaza umsubiri.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu wanawake wanakaaje kwenye bodaboda, na nani aliamua? Anayetaka kuniandikia kuhusu maadili namkaribisha pia. Aanze tu kwa kututajia bibi wa nani amemfikisha hospitali wiki hii.